Tiketi ya Mars Milioni 250? Dada wa Saluni Mpanda Auliza Swali Moja Tu

Kuna ubishi umeshika moto Mpanda, kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda jirani na stesheni ya treni. Si Simba na Yanga safari hii. Ubishi wenyewe ni huu: mtu wa kawaida, yule wa kuamka asubuhi na kutafuta, anaweza siku moja kumudu kuhamia sayari nyingine?

Aliyeuanzisha ni jamaa mmoja wa miaka 26, dereva wa bodaboda, ambaye kichwani mwake kuna roketi nyingi kuliko abiria. Video zote za Starship anazo kwenye simu. Ile ya Oktoba 2024, roketi inarudi kutoka angani na kudakwa na mikono ya mnara kule Texas kama mtu anavyodaka embe, kaionyesha mpaka kwa mama muuza maandazi.

Hoja yake ni nyepesi. Zamani roketi ilikuwa ikienda mara moja, kwisha habari. Inaanguka baharini au inaungua. "Sasa fikiria basi la Mpanda kwenda Tabora, likifika tu linatupwa, kesho wananunua jipya," huwa anawaambia wenzake. "Nauli ingekuwa shilingi ngapi? Si mngetembea kwa miguu wote?" Roketi ikianza kutumika tena na tena kama basi, nauli inashuka. Ndiyo imani yake.

Na kwa kweli jamaa haongei hewa. Mwaka 2001 tajiri mmoja wa Marekani, Dennis Tito, alilipa kama dola milioni 20 kwenda kukaa wiki moja tu kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Mwaka 2022 wafanyabiashara watatu walienda hapohapo, na bei iliyotajwa ilikuwa kama dola milioni 55 kwa kichwa. Na kituo hicho kiko kilomita kama 400 tu kutoka ardhini. Sayari ya Mirihi, ambayo kijiweni wanaiita Mars kama walivyoisikia, hata inapokaribia sana iko umbali wa kilomita kama milioni 55. Safari ya kwenda tu ni miezi saba hivi.

Sasa huyu Elon Musk, mwenye kampuni ya SpaceX, mwaka 2016 kule Guadalajara, Mexico, alisema lengo ni kufikisha nauli ya Mars kwenye dola 200,000, sawa na bei ya nyumba ya kawaida Marekani. Mwaka 2019 akaandika mtandaoni kwamba ana uhakika siku moja itakuwa chini ya dola 500,000, na huenda ikashuka hata chini ya 100,000. Kwa maneno yake, hapo watu wengi wa nchi zilizoendelea wataweza kuuza nyumba zao duniani na kuhama wakitaka.

Kijiweni wakachukua ile bei ya chini kabisa, dola 100,000. Wakapiga kwa shilingi 2,500 kwa dola moja ili hesabu iwe rahisi. Ikaja shilingi milioni 250.

Jamaa pikipiki yake ni ya mkataba. Kila siku anampelekea bosi elfu kumi, anaweka mafuta, na siku ikiwa nzuri anabaki na elfu saba. Milioni 250 gawanya kwa elfu saba. Ni siku 35,714, yaani karibu miaka 98 ya kuendesha kila siku bila kula, bila kuugua, bila kuchangia harusi ya mtu, bila kumnunulia mama hata kanga.

Watu walicheka mpaka machozi. Mwingine akasema, "Wao wanauza nyumba waende. Wewe utauza nini, helmeti?"

Aliyekuwa hacheki ni mchumba wake.

Dada huyu ana miaka 23, anasuka kwenye saluni moja mtaa wa Makanyagio. Alikuwa amempelekea chakula, kasimama pembeni na hotpoti mkononi, anasikiliza. Wenzake walipomaliza kucheka akauliza kitu kimoja tu: "Kwani ni lazima ulipe wewe? Akikulipia mtu mwingine je?"

Kijiwe kizima kikanyamaza, maana karibu wote walikuwa wanajua hilo swali limetokea wapi.

Ni hivi. Kwenye mkoba wa dada huyo kuna picha ndogo nne zenye mandhari ya bluu. Kwa wiki tatu sasa kuna mwanamke mmoja, wakala, anampigia simu kuhusu kazi za ndani Muscat, Oman. Miaka miwili. Hati ya kusafiria wanashughulikia wao. Vipimo vya hospitali wanalipa wao. Ndege wanalipa wao. Yeye aje na begi lake tu, mengine atakatwa kidogokidogo kwenye mshahara akishaanza kazi. Kwa mtu anayesuka rasta kutwa nzima na jioni anagawana na mwenye saluni, huo mchongo si wa kuupuuza hata kidogo.

Kwa hiyo wakati wenzake wanapiga hesabu ya milioni 250 kama utani, yeye alikuwa anapiga ya kwake. Na cha kushangaza, swali lake ndilo lililogusa jibu la kweli la ule ubishi.

Kwa sababu Musk mwenyewe alishalijibu. Januari 2020 aliandika kwamba inabidi mtu yeyote anayetaka kwenda Mars aweze kwenda, na asiye na hela apewe mkopo. Akaongeza kwamba huko kazi zitakuwa nyingi.

Haya sasa. Ukiuliza kama mtu wa kawaida ataweza kwenda, jibu la tajiri ni ndiyo, ataweza, kwa mkopo. Atafika na deni, ataanza kazi, atakatwa.

Hakuna kijana wa mjini leo asiyejua maana ya hilo neno. Mitaani kuna mikopo ya kausha damu, unachukua laki mbili Jumatatu, mwezi haujaisha wamebeba tivii na godoro. Kuna pikipiki za mkataba kama ya jamaa: unapeleka hesabu zaidi ya mwaka mzima ili mwisho iwe yako, ukikwama kwa ugonjwa bosi anakuja na ufunguo wa akiba, anawasha, anaondoka nayo. Inauma, lakini angalau unarudi nyumbani kwa miguu. Ukishindwa kulipa deni ukiwa Mars, unarudi wapi kwa miguu?

Jamaa akasema hapana, mbona Musk aliandika pia kwamba tiketi ya kurudi itakuwa bure? Ni kweli, aliandika. Ila kuna jambo moja la mpangilio wa mbingu ambalo hakuna bosi anayeweza kulibadilisha. Dunia na Mars zinakaa vizuri kwa safari mara moja kila miezi 26 hivi. Ukiikosa nafasi hiyo unasubiri nyingine, zaidi ya miaka miwili. Na roketi inayokurudisha ni ya yuleyule unayemdai au anayekudai.

"Sasa hiyo bure ni ya nani?" dada akauliza, akachukua hotpoti yake akaondoka.

Jumapili iliyofuata walienda Katumba kwa bibi yake jamaa. Walipanda pikipiki hiyohiyo ya mkataba, maana mchumba lazima apelekwe kwa wazee, na safari ya Oman lazima isemwe kabla haijasikika kwa majirani.

Kwa asiyejua: Katumba na Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Katumba ilianza mwaka 1973, Mishamo 1978. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukaleta fedha, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, likasimamia kazi. Wakati huo hapo palikuwa pori la miombo. Watu waligawiwa mashamba, wakapewa majembe na mbegu, wakapewa na chakula cha kuwasogeza mpaka mavuno. Baada ya miaka michache walikuwa wanalima vya kutosha kula na kuuza, na yale mashirika yakafunga mizigo.

Bibi alifika hapo akiwa binti wa miaka 12 hivi. Wakati mjukuu anamwonyesha video ya roketi, aliitazama mara mbili, akasema ni nzuri. Halafu akauliza huko wanakoenda kuna nini. Mjukuu akamwambia hakuna kitu bibi, ni jangwa jekundu, hakuna mti, hakuna mtu, mnaanza wenyewe.

"Na sisi tulianza wenyewe," bibi akasema. "Nauli hatukulipa. Tulipakiwa kwenye lori."

Akasimulia kidogo, si sana, maana si mtu wa kusimulia. Kwamba ukipakiwa kwenye lori la mtu, mtu huyo ndiye anayejua linasimama wapi. Kwamba kwa miaka mingi, kutoka nje ya makazi hata kwenda kumuuguza ndugu Tabora, ilibidi uombe kibali. Ulikuwa unalima, unalipa ushuru wa sokoni, unazaa, unazika, na bado wewe ni mgeni. Baba yake alizikwa hapo akiwa bado mgeni. Karatasi za uraia zilikuja mwaka 2014, pale Tanzania ilipowapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya zamani. Kuanzia 1973 mpaka 2014 ni miaka 41. Alishika cheti chake akiwa na mvi.

Mchumba wa mjukuu akamuuliza: bibi, kama ungejua itachukua miaka yote hiyo, ungepanda lile lori?

Bibi akacheka. Akasema nyuma kulikuwa na watu wenye mapanga, kwa hiyo hilo swali si lake. Ni la mtu ambaye nyuma yake hakuna anayemfukuza. "Wewe nyuma yako kuna nani?" akamuuliza.

Dada hakujibu. Alitazama chini.

Kisha bibi akasema kitu ambacho jamaa alikirudia baadaye kijiweni karibu neno kwa neno. Kwamba ubaya wa Katumba ulikuwa kibali, lakini uzuri wake ulikuwa mvua. Mwaka wa kwanza walikula cha kupewa. Mwaka wa pili mahindi yao yakaota, mihogo ikashika, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia usipofanya hiki huli. "Walikuwa na geti," alisema, "lakini mvua haikuwa yao."

Hapo ndipo ndoto ya Mars inapobanwa, na ni vizuri mtu aijue hata kama anaipenda roketi kiasi gani.

Mars hakuna mvua. Hewa yake ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa huku kwetu duniani, na karibu yote, asilimia 95, ni hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Wastani wa joto ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Udongo wake una chumvi za sumu zinazoitwa pakloreti, kwa hiyo hata ukibeba jembe la bibi kutoka Katumba ukafika nalo salama, huwezi kutifua na kupanda mihogo. Lazima kwanza usafishe udongo, uujengee nyumba, uupashe joto, uuletee maji ya kuyeyusha kutoka kwenye barafu. Kila kitu kwa mashine.

Hata pumzi. Mwaka 2021 NASA ilifikisha Mars kigari chake cha Perseverance, na ndani yake kulikuwa na kisanduku cha kutengeneza oksijeni kutokana na ile hewa ya ukaa. Kilifanya kazi, na ni jambo kubwa kweli. Kiliwashwa mara 16 mpaka mwaka 2023, kikatoa jumla ya gramu 122. Mtu mmoja anahitaji karibu gramu 840 kwa siku. Maana yake kazi yote ya kisanduku kile kwa miaka miwili ingemtosha mtu mmoja kwa masaa matatu na nusu. Kitakuja kikubwa zaidi, bila shaka. Lakini kitakuwa na mwenyewe, kitatumia umeme wenye mwenyewe, na kikiharibika kifaa chake kinatoka duniani na meli ijayo.

Kwa hiyo ile milioni 250 ni nauli tu. Baada ya kufika kuna kodi ya hewa, kodi ya maji, kodi ya joto, mwezi hadi mwezi, mpaka kufa. Duniani mtu akikosa kazi anarudi kijijini kulima. Mars hakuna kijiji. Siku unayofukuzwa kazi, aliyekufukuza ndiye anayekuuzia pumzi.

Na kampuni huwa zinafungwa. Kampuni moja ya Uholanzi, Mars One, ilitangaza mwaka 2012 kwamba itapeleka watu wa kawaida kuishi Mars moja kwa moja bila kurudi. Watu wa nchi mbalimbali walijaza fomu na kulipia ada ya maombi. Mwaka 2019 ikafilisika, hakuna hata mmoja aliyeondoka. Waliokosa safari walikuwa na bahati. Wangekuwa wameshafika huko halafu kampuni ikafilisika, ingekuwaje?

Mpanda inajua hilo vizuri. Reli ya kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200, haikuletwa ili watu wapande treni kwenda kusalimia ndugu. Ililetwa kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba wa madini ya risasi, hii inayotumika kwenye betri, na ikafunguliwa mwaka 1950. Miaka kumi baadaye, 1960, mgodi ukafungwa. Wenye kampuni wakaondoka. Mji haukufa. Watu walikuwa na mashamba, mito, samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Karema, asali ya porini. Treni ikaendelea kubeba mahindi na mpunga. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa 2012, na watoto wengi wanaocheza pembeni ya reli hawajui hata kwamba palikuwa na mgodi. Mji uliokuja kwa sababu ya kampuni uliweza kuishi bila kampuni, kwa sababu kampuni haikuwa inawauzia hewa.

Tuliyemwita jamaa hajaacha kupenda roketi, na kwa nini aache? Ila hoja yake imebadilika. Siku hizi akiulizwa kama mtu wa kawaida ataweza kuishi Mars anasema kufika atafika, tena mapema kuliko mnavyodhani, maana huko kutahitajika watu wa kuchimba, kufunga mabomba na kupika. Kisha anasema swali la kuuliza kabla ya bei ni siku ukigombana na bosi, unaweza kufungua mlango ukatoka nje?

Na dada? Dada alirudi kwa wakala na karatasi ya daftari yenye maswali matatu. Kwanza, hati yangu ya kusafiria itakaa kwa nani? Pili, nikitaka kurudi kabla ya miaka miwili, nitadaiwa shilingi ngapi, iandikwe. Tatu, leseni yenu ya serikali ya kupeleka watu kazini nje iko wapi niione?

La kwanza alijibiwa kwamba hati hukaa kwa bosi, kwa usalama wake mwenyewe. La pili aliambiwa asiwaze kurudi wakati hata hajaenda. La tatu akaambiwa atapigiwa simu.

Hajasema haendi. Hilo lieleweke, maana wapo wasichana wa Mpanda walioenda Oman wakajenga, wakasomesha wadogo zao, wakarudi na heshima zao. Anajua majina yao. Anajua pia nani alirudi kimya. Anachosema ni kwamba kibali cha kukaa kule kinafungwa kwenye jina la mwajiri mmoja, na hati ikishakaa kwa mwajiri huyohuyo, na deni likiwa la hukohuko, hana tofauti na mtu wa Mars.

Jamaa ana milioni moja na laki nane, kwenye kibubu cha simu. Ni hela ya kiwanja, walikuwa wameshakiona kule Ilembo. Juzi alimwambia mchumba wake achukue kiasi cha nauli ya kurudi, aiweke kwenye laini yake, asimwambie wakala wala bosi, iwe yake. Ili siku ikifika anataka kutoka, asiombe mtu.

Dada hajaichukua, na hajaikataa. Wakala kasema wiki ijayo ndege ya kundi la kwanza inaondoka Dar, na anataka jibu kufikia Ijumaa.

Wewe ungekuwa yeye, ungemjibu nini?